Bakuli Lililorudi Tupu

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga jikoni. Ti-ti-ti, kinanyamaza, kisha ti-ti-ti tena, kama mtu anayetetemeka meno kwa baridi. Twila Janssen alikisikia akiwa chumbani kwake juu, shuka imemviringika miguuni kwa kugeukageuka usiku kucha. Hakuhitaji kuambiwa ni nini kinachemka. Ni yule tetea mwekundu aliyeacha kutaga tangu majani yalipopukutika. Bibi yake alikuwa ameugua mafua wiki mbili bila hamu ya chakula, na jana jioni aliinua kichwa kwenye mto akatamka neno moja tu: tambi.

Siku nyingine Twila angeshuka ngazi akiimba. Leo alitamani angefumba macho na kuyafumbua kesho, kwa maana leo Arden Kruse alikuwa anakuja kuchukua maziwa kwa mara ya mwisho.

Alivaa sweta la marehemu baba yake, akateremka. Mama yake, Leota, alikuwa mlangoni ameshavaa koti la zizini na buti, amejifunga kilemba cha sufu mpaka puani. Nje kulikuwa giza, na theluji imefika usawa wa dirisha la chini.

"Umelala?" aliuliza Leota.

"Nimelala."

"Muongo wewe. Mbao za chumba chako zimenisimulia kila hatua." Akachukua taa. "Ng'ombe nitawakamua mimi. Wewe baki na tambi. Na lori likija, nitakuwa kule mimi mwenyewe."

"Sijauliza, Mama."

"Nimekuambia tu."

Mlango ukafungwa. Twila akabaki amesimama katikati ya jiko, mikono imekunjwa, kisha imekunjuliwa, kisha imekunjwa tena.

Miaka miwili Arden alikuwa akija na lori la tangi, siku moja aje, siku moja apumzike, kuvuta maziwa kutoka chumba kidogo cha maziwa kando ya zizi. Dakika kumi tu, lakini dakika kumi zikikusanywa kwa miaka miwili si haba. Twila alimjua alivyopuliza vidole kabla ya kushika kalamu. Alijua kwamba balbu ya pale ilipoungua, ilibadilishwa bila mtu kuombwa, na kwamba siku za theluji njia ya kutoka zizini hadi barazani ilikuwa imeshasafishwa, upana wa hatua za bibi kizee. Hakuna aliyesema "nimefanya mimi." Twila alikuwa na miaka ishirini na sita na alishaona wanaume wa kusema. Huyu wa kutosema ndiye aliyemnyima usingizi.

Leota hakumtaka. Hakumtukana, hakumfukuza. Alisema tu, "Mwanangu, mwanamume yeyote, lakini si dereva." Na pale nyumbani hakuna aliyeuliza kwa nini. Virgil Janssen, baba yake Twila, alikuwa dereva wa lori la nafaka. Asubuhi moja ya Februari lilipinduka kwenye barabara ya kwenda mji wa Waterloo, na simu ile ile iliyotundikwa ukutani karibu na jokofu ndiyo iliyoleta habari.

Tena mwezi uliopita Leota alipata sababu nyingine. Siku ya tufani Arden hakufika kabisa. "Dereva gani anaogopa theluji?" alilalama Leota. "Maziwa ya siku mbili nimewapa nguruwe! Huyo ndiye wa kutegemewa?"

Lakini kilichomvunja Twila si maneno ya mama yake. Kilichomvunja ni bakuli.

Desemba Arden alishikwa na homa ya mapafu. Kwao ni yeye na baba yake tu, Mzee Harm. Mama yake alifariki Arden akiwa na miaka minne. Twila alipika tambi za kuku na krimu, akazitia katika bakuli jeupe la udongo lenye mistari miwili ya buluu, akalifunga kwa taulo na kuwapelekea. Chini ya bakuli, kwenye kitako, kulikuwa na utepe wa karatasi wenye gundi ulioandikwa L. JANSSEN, maana kila mwanamke wa kanisa lao huandika jina chini ya bakuli lake, lisije likapotea kwenye meza za misiba na karamu.

Na kila mwanamke anajua: bakuli la jirani halirudishwi tupu. Tia matufaha matatu. Tia kiganja cha karanga. Kama huna kitu, tia mayai mawili. Ukilirudisha tupu umesema, asante, tumemalizana.

Wiki moja baada ya Mwaka Mpya, bakuli lilikutwa barazani. Limesuguliwa likang'aa kama jino. Tupu.

Leota ndiye aliyeliokota. Aliingia nalo kifuani, akasema, "Amelirudisha," na Twila akauliza, "Lina nini?" na mama yake akajibu, "Halina kitu." Toka siku ile Twila hakukanyaga chumba cha maziwa. Lori likiingia, yeye anapanda juu. Lori likitoka, anasimama dirishani mpaka moshi wake upotee. Wiki sita. Halafu Jumapili, pale kanisani, akasikia watu wakisema Arden amepata kazi kwenye kiwanda cha jibini huko mbali Idaho, na basi lake linaondoka Jumamosi asubuhi.

Leo ilikuwa Ijumaa.

* * *

Alikanda unga kwa hasira. Viini vinane, chumvi, vijiko viwili vya krimu, na unga mwingi kadiri viini vitakavyokunywa. Akagawa donge mara nne, akasukuma kila moja kwa kifimbo mpaka ukaweza kuona maua ya kitambaa cha meza kupitia unga. Kisha akatandika taulo safi kwenye migongo ya viti na kuanika, kiti kimoja unga mmoja, ili zikauke kidogo kabla ya kukatwa.

Viti vilikuwa vinne tu: cha mama, cha bibi, cha Twila, na cha Virgil ambacho hakuna aliyekikalia tangu afe. Kwa hiyo siku ya tambi nyumba ile haikuwa na pa kukaa. Watu walisimama, wakaegemea, wakazungukana.

"Na mimi nikae wapi?" sauti ilitoka ngazini. "Viti vyote vimevaa nguo kunishinda."

Alikuwa Bibi Alvina, mama yake Virgil, miaka themanini na moja, shali mbili mabegani na soksi za marehemu mumewe miguuni.

"Bibi! Nani amekuruhusu kutoka kitandani?"

"Harufu. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa maiti." Akajikokota hadi kwenye sanduku la kuni karibu na jiko, akaketi juu yake. Akamtazama mjukuu wake kwa muda. "Umeupiga huo unga kama umekuibia."

"Unga mzuri unataka nguvu."

"Unataka nguvu, hautaki machozi. Chumvi nimesikia umeshatia."

Twila akacheka bila kutaka, akajifuta pua kwa kiwiko. Alimtoa kuku sufuriani akaanza kuchambua nyama, akiunguza vidole na asisikie. Akaenda dirishani. Akarudi. Akamenya viazi vitano, akaenda dirishani tena.

"Ni saa ngapi?" aliuliza Bibi.

"Saa nne na dakika ishirini."

"Hujaangalia hata saa."

"Najua tu."

Bibi Alvina akavuta shali. "Basi sikiliza. Nataka tambi zangu ziletwe mezani ndani ya bakuli langu. Lile lenye mistari ya buluu."

Mikono ya Twila ikasimama. "Bibi, tuna mabakuli saba."

"Nami nina roho moja, na roho yangu inataka lile. Nilipewa na mama yangu siku ya harusi, hata kama mama yako ndiye aliyeliandika jina. Mtu mgonjwa huwa hanyimwi."

"Hata sijui Mama aliliweka wapi."

"Mimi najua. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya mitungi ya pichi. Mtu haweki bakuli huko isipokuwa hataki lionekane."

Twila alivuta kigoda, akapanda. Akasogeza mitungi, mmoja, wa pili, wa tatu. Bakuli lilikuwa limesukumwa mpaka ukutani, limeshika vumbi. Alilishusha na kulishika mbali na kifua chake, kama linaweza kumuuma. Akalipeleka kwenye beseni, akalisuuza ndani, akaligeuza ili asuuze nje.

Utepe uliokuwa kwenye kitako haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa mpya, mweupe, umekatwa kwa mkasi pande zote mbili. Na wino ulikuwa wa buluu. Herufi kubwa, zilizonyooka, na herufi K yenye mguu mrefu kupita kiasi, ile ile aliyoiona miaka miwili kwenye vikaratasi vya kupimia maziwa.

TWILA KRUSE.

Maji yaliendelea kutiririka. Twila alisoma tena. Jina lake. Jina la ukoo wa Arden. Limebandikwa pale ambapo mwanamke mwenye nyumba huandika jina lake.

"Soma kwa sauti," alisema Bibi polepole. "Miwani yangu iko juu."

"Bibi." Akafunga bomba. "Bibi, ulijua?"

"Sikujua limeandikwa nini. Nilimwona tu mama yako siku ile. Aliligeuza bakuli, akasoma, akashika ukuta. Mara moja tu nyingine nilimwona ameshika ukuta vile, na ilikuwa pale, kwenye simu." Akaelekeza kidevu karibu na jokofu. "Nikasema moyoni, yatakuwa yao, wataambiana. Nikangoja. Halafu nikaugua, nikaona kungoja kwangu kunaweza kuisha kabla yao."

* * *

Leota aliingia na jagi la krimu, mashavu mekundu kwa baridi. Akaona kigoda. Akaona mitungi imesogezwa. Akaona bakuli limefunikwa kifudifudi juu ya meza, jina juu.

Akaweka jagi chini kwa uangalifu mkubwa.

"Wiki sita, Mama," alisema Twila.

"Najua."

"Nilikuwa nalia chooni nimefungulia bomba ili usisikie."

"Nilikuwa nasikia."

"Ukasema halina kitu! Nimekuuliza kwa mdomo wangu, lina nini, ukaniambia halina kitu!"

"Ndani halikuwa na kitu."

"Mama!"

"Sikusema uongo, na nimekuwa muongo wiki sita. Unadhani sijui?" Leota alivua kilemba, nywele zikamwangukia usoni, hakuzitoa. "Kila asubuhi nilisema, leo nitamwambia. Kila asubuhi, Twila. Kisha nasikia lori linakata kona pale kwa akina Folkerts, na nasema, kesho. Miaka kumi na moja nilisimama kwenye dirisha hilo nikihesabu taa za malori barabarani. Hii siyo yake. Hii siyo yake. Hii... Na ile siku ambayo sikusimama, kwa sababu nilikuwa nakata tambi, ndiyo siku simu ililia. Sikutaka urithi dirisha langu. Basi. Hilo tu."

Twila alimwona mama yake kama hajawahi kumwona, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyesimama jikoni kwake mwenyewe hana pa kukaa.

"Nimeshalirithi, Mama," alisema mwishowe. "Wiki sita niko hapo dirishani. Tofauti ni kwamba mimi nilimhesabu akiondoka."

Sufuria ilichemka. Na hapo, mbali, kwenye kona ya akina Folkerts, lori likabadili gia.

Twila alijitazama mikono, unga mpaka viwikoni. Akatazama viti. Unga ulikuwa umekauka kiasi chake; ukiachwa zaidi utavunjika. Akanyakua kisu, akaviringisha unga wa kiti cha kwanza, akaanza kukata, na kisu kikawa kinaruka kama kimepagawa.

Mkono wa mama yake ukamshika kifundo. Leota akachukua kile kisu.

"Unazikata nene," alisema bila kumtazama. "Nenda."

"Mama..."

"Hutafika kama unasimama hapo. Vaa koti."

Hakuvaa koti.

* * *

Arden Kruse alikuwa ameinama juu ya tangi, anasoma kijiti cha kupimia. Aliposikia mlango aliinuka haraka, akavua kofia, akairudisha, akaivua tena.

"Nilidhani ni mama yako," alisema.

"Ni mimi."

"Naona." Akakohoa. "Maziwa yenu ni mazuri leo. Baridi imeyafaa. Nilitaka... nilitaka kumwambia mama yako kwamba dereva mpya anaitwa..."

"Arden, bakuli la watu halirudishwi tupu!"

Akabaki ameduwaa. "Nini?"

"Halirudishwi tupu! Hata mtoto anajua! Unatia kitu, tufaha, yai, chochote. Ukilirudisha tupu maana yake umemaliza na hao watu!"

"Nani kasema?"

"Kila mtu!"

"Kwetu hakuna kila mtu, Twila. Kwetu kuna Baba." Sauti yake ilipanda, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. "Nilimuuliza Baba, bakuli la watu linarudishwaje? Akasema, safi. Nimelisugua siku mbili kwa sufu ya chuma! Na halikuwa tupu. Lilikuwa na jina!"

"Chini!"

"Ndiyo, chini! Ndipo majina yanapokaa! Nimewaona kina mama kanisani, kazi yao ni kugeuza mabakuli!"

"Wanageuza ili wajue ni la nani! Lile nalijua ni la nani tangu nizaliwe, nigeuze ya nini?"

Mtu angeweza kuona wiki sita zikimpita Arden usoni moja moja: lori likiingia, mlango usiofunguka, pazia la juu linalotikisika.

"Kwa hiyo hukuliona," alisema taratibu.

"Nimeliona leo. Saa nne na nusu."

"Nilidhani ndilo jibu lako. Kwamba umesoma, ukaona aibu kunikatalia usoni, ukaacha kuja. Nikasema, vizuri, hajanifedhehesha." Akageuza kofia mikononi. "Nikaandika barua Idaho."

"Na mimi nilidhani nimeshapewa asante yangu."

Walitazamana. Pua ya Arden ilikuwa nyekundu, nyusi zake zina chembe za barafu zinazoyeyuka. Twila alikuwa na unga kwenye kope. Alianza kutetemeka, na Arden akavua koti lake, akamvika, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja kuanzia chini, polepole, kama mtu asiyetaka vifungo viishe. Kifungo cha mwisho kilikuwa shingoni. Vidole vyake vikabaki hapo.

"Mbona siku hizi unafika karibu na saa tano?" Twila aliuliza kwa sauti ndogo. "Zamani ulikuja saa moja."

"Niligeuza mzunguko. Nyumba yenu nikaiweka mwisho. Ili kama ungetoka, nisiwe na haraka."

Twila akaweka paji la uso wake kwenye kifua cha shati lile lenye harufu ya maziwa na dizeli, akabaki hapo, na moyo wa Arden ukagonga kama kile kifuniko cha alfajiri.

"Njoo ule," alisema.

"Mama yako je?"

"Ndiye anayekata tambi."

* * *

"Hodi," alisema Arden mlangoni, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Pita, pita, unaingiza baridi," alijibu Bibi Alvina. "Sogea nikuone. Aa, ndiye huyu anayenisafishia njia! Nilidhani ni malaika. Malaika angekuwa na miguu midogo zaidi."

Jikoni mvuke ulikuwa umefunika vioo. Leota alikuwa ameshatia tambi kwenye mchuzi, unga wake ukaufanya mzito, akarudisha nyama ya kuku, na sasa alikuwa anamimina krimu kidogo kidogo huku akikoroga. Viazi vilikuwa vimepondwa kwa siagi. Vitu vyote vilikuwa tayari, isipokuwa viti.

Viti vitatu vilikuwa vimevuliwa taulo. Cha nne, cha Virgil, bado kilikuwa na unga wake umening'inia.

Twila aliona. Bibi aliona. Arden naye aliona, akaenda kuegemea kabati.

Walipakua. Viazi chini, tambi juu, na mchuzi wa krimu ukashuka pembeni. Wanawake watatu waliketi. Arden alikula amesimama, sahani mkononi, mgongo umenyooka kama mwanafunzi. Twila hakuweza kumeza. Kijiko kilikwenda mdomoni na kurudi kama kilivyokuwa.

"Ukiwa barabarani," Leota alisema ghafla, macho kwenye sahani, "theluji ikianza, unafanya nini?"

"Nasimama, Mama."

"Virgil naye alikuwa anasema hivyo."

Arden akaweka sahani juu ya kabati.

"Siwezi kukuahidi barabara, Mama. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Lakini mwezi uliopita, siku ya tufani, sikuja kuchukua maziwa yenu."

"Niliwapa nguruwe. Nilikusema vibaya kila nyumba."

"Nilisikia." Akajikuna sikio. "Nilikuwa hapo kwa akina Folkerts, maili mbili tu. Lori nililizima saa nne asubuhi nilipoacha kuona nguzo za ua. Siku nzima nilicheza karata na Mzee Folkerts. Kwenye kiwanda cha maziwa walininunia, wakaniambia madereva wengine wamefika. Mmoja alifika kwa kuvutwa na trekta kutoka mtaroni. Nikawaambia, maziwa yatakamuliwa tena kesho. Mimi mama yangu alinizaa mara moja."

Leota hakuinua kichwa. Uma wake ulikuwa umechoma kipande cha kuku na haukusogea. Alikuwa amekasirika siku ile, Twila alikumbuka, amezunguka jikoni akipiga milango ya makabati. Dereva gani anaogopa theluji.

"Ulisimama," alisema Leota.

"Nilisimama."

"Maili mbili, na ukasimama."

"Ndiyo, Mama. Ningeweza kufika. Sikuwa na uhakika, ndiyo maana."

Leota akainuka. Alikwenda kwenye kiti cha mumewe, akasimama mbele yake. Mabega yake yalipanda, yakashuka. Kisha akaukunjua ule unga taratibu asiuchane, akauviringisha, akaukata mezani kwa kisu, nyembamba, haraka, na kwa kiganja akazitia tambi za mwisho sufuriani. Akaondoa taulo, akakung'uta unga uliobaki kwenye mbao, akafuta kiti kwa aproni yake, pale pa kukalia na pale pa kuegemea.

"Kaa," alisema. "Mtu akila wima chakula kinamwendea miguuni."

Arden akaketi ukingoni mwa kiti, kwa heshima, kama kwamba kuna mtu mwingine anayempisha. Chini ya meza mkono wa Twila ukautafuta wake, ukaupata njiani unakuja. Na tambi zikaanza kushuka kooni.

"Huyu naye mwambieni ale," alisema Bibi Alvina, akimwelekeza Twila kijiko. "Kakonda mpaka soksi zinamvuka. Na wewe kijana, mambo mengine ukitaka kumwambia mwanamke, mwandikie kwenye karatasi. Au juu ya mfuniko. Juu, baba, juu!"

Hata Leota alicheka, kicheko kifupi, kikavu kwa kutotumika.

Walipomaliza, Arden alisimama. Maziwa yalikuwa yanamngoja kwenye tangi, na safari. Lile basi la Jumamosi lilikuwa bado katikati ya meza, hakuna aliyelitaja, na Twila alihisi miguu yake inataka tena kwenda dirishani.

Leota alikuwa ameshafika kwenye jiko. Alijaza lile bakuli la mistari, tambi mpaka ukingoni, akalifunika, akalifunga kwa taulo. Kisha akasita. Akafungua taulo, akainua bakuli juu ya kichwa chake, akatazama chini yake. Ncha moja ya utepe ilikuwa imeinuka kwa ule uoshaji wa asubuhi. Akaikandamiza kwa kidole gumba, akaipitia mara mbili, mpaka ikashika.

"Hizi ni za baba yako," alisema, akamkabidhi. "Mwambie asizichemshe, apashe tu. Na bakuli nalihitaji Jumapili."

Arden akamtazama Twila, akamtazama mama. "Jumapili, Mama, ilikuwa niwe Idaho."

"Nani kakuuliza habari za Idaho? Nimesema nalihitaji Jumapili. Uje nalo wewe mwenyewe, na Mzee Harm uje naye, saa sita kamili, viti tutaazima." Akamfungulia mlango, baridi ikaingia, na hakuharakisha kuufunga. "Na ole wako, Arden Kruse, uje nalo tupu."